Nyuzi 46 chini ya maranda

Kipima joto kilisoma 31, na mpwa wangu akakunja mikono kifuani kama fundi anayesubiri kulipwa. Kila alichosoma kilimwambia upande wa joto wa makazi ya nyoka huyu uwe kati ya nyuzi 31 na 34, basi kazi si imekwisha? Nikaingiza kidole kwenye maranda taratibu mpaka kikagusa sakafu ya boksi, nikakitoa upesi kuliko nilivyokiingiza. Tukakitoa kihisi cha kipima joto juu ya maranda tukakizamisha chini, kwenye plastiki yenyewe. Namba zikaanza kupanda: 38, 41, 44. Zikatulia kwenye 46.

Bahati nyoka mwenyewe alikuwa hajafika. Alikuwa aje Jumamosi.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa nyoka. Kazi yangu ni majokofu na viyoyozi, kwanza Mombasa na sasa Leicester, Uingereza, na niliitwa kwa dada yangu baada ya kijana wake wa miaka kumi na tano kumaliza akiba yake yote kwa vitu ambavyo mama yake hakutaka hata kuvitazama. “Mjomba, wewe si unajua themostati?” Ndiyo, themostati naijua. Ndiyo maana safu hii inamhusu nyoka kidogo, na sanduku lake sana.

Mnyama ni boa wa mchanga wa Kenya, naye alikuwa bado mchanga. Kiswahili kimetuchezea hapo. Jina lake la kitaalamu ni Eryx colubrinus, na Linnaeus ndiye aliyemwandika kwanza, mwaka 1758. Yule wa upande wetu wa Afrika Mashariki alitengwa kuwa nususpishi mwaka 1932 na kuitwa loveridgei, kwa heshima ya Arthur Loveridge, aliyefanya kazi makumbusho ya Nairobi kabla ya kwenda Harvard. Hana sumu. Jike mzima hufika sentimita 60 hadi 80 hivi, dume ni mfupi zaidi. Hatagi mayai, huzaa watoto, na mtoto anapozaliwa ana urefu wa kama sentimita 20 na unene wa kalamu ya wino. Macho yake yamekaa kuelekea juu ya kichwa, kwa sababu maisha yake ni kulala chini ya mchanga, macho tu yakichungulia, akimsubiri panya au mjusi apite karibu.

Huko kwetu yuko kwenye nchi kavu za kaskazini na mashariki ya Kenya, hadi kaskazini mwa Tanzania. Bibi yake mpwa wangu angemmaliza kwa jembe bila kuuliza jina la kitaalamu. Na asiyemmaliza asidhani anaweza kumchukua akamweka sebuleni: chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, mnyama wa porini hafugwi bila kibali. Hawa wanaouzwa Ulaya kwa kawaida ni wajukuu na vitukuu wa nyoka waliozalishwa kwenye masanduku kama haya, na biashara yao ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mtoto wa Kikenya aliyezaliwa Leicester, amenunuliwa na mtoto wa Kikenya aliyezaliwa Leicester. Dada yangu hakucheka nilipomwambia hivyo.

Kosa la kwanza lilikuwa sanduku. Kijana alikuwa amenunua kabati la mbao la mtumba, urefu sentimita 120, upana 60, kimo 60, milango miwili ya kioo inayoteleza. Kwa macho ni kitu kizuri, utadhani kabati la vyombo. Lakini milango ya kuteleza haigusani. Mmoja hupita mbele ya mwenzake, na katikati hubaki upenyo. Nikapanga kadi za benki moja juu ya nyingine na kujaribu kuzipitisha pale. Kadi tano zilipita bila kukwaruza, yaani karibu milimita nne. Mtoto wa nyoka hujibana kwa namna ambayo rula haikuambii, nami sikuwa na hamu ya kupata jibu kwa vitendo, usiku, kwenye nyumba ya dada. Nyuma ya kabati kulikuwa pia na tundu la kupitishia nyaya, pana kama sarafu, ambalo mwenye kabati wa kwanza hakuwahi kuliziba. Na kimo kile! Kumjengea sentimita 60 za hewa mnyama anayeishi chini ya maranda ni kama kumwekea samaki ngazi.

Hapa kuna ugomvi wa zamani kati ya wafugaji, na inafaa tuugawanye vizuri. Upande mmoja husema nyoka mchanga awekwe kwenye boksi dogo, kwa sababu kwenye nafasi kubwa huingiwa na hofu na kukataa kula. Upande wa pili husema hiyo ni hoja ya mtu anayetaka kupanga maboksi mengi kwenye rafu moja. Mwaka 2019 Clifford Warwick na wenzake walichapisha makala ya kitaalamu wakitetea kwamba nyoka anayefugwa apewe walau nafasi ya kujinyoosha mwili mzima, akiwa amenyooka kama fimbo. Hoja hiyo inanigusa. Mtu ukifungiwa kwenye chumba usichoweza kunyoosha miguu, hakuna atakayekuuliza kama ulikula.

Lakini naona pande zote mbili zinapima kwa futi kitu kisichopimwa kwa futi. Kinachomtisha nyoka mchanga ni uwazi. Mweke kwenye uwanja mtupu, hata nusu mita ni nyingi mno. Jaza uwanja huohuo magome, majani na vijishimo, naye ataona vichaka. Na kwa huyu wa kuchimba, sanduku lililojaa maranda kina cha sentimita nane halina uwazi hata kidogo, liwe kubwa au dogo. Kwa hiyo kama kabati lingekuwa halivuji, ningesema tumwache humo humo, tumjazie.

Tulichagua boksi dogo kwa sababu nyingine kabisa. Kabati lile likijazwa maranda sentimita nane ni lita karibu 58. Kumtafuta mnyama wa gramu 11 ndani ya lita 58 kila unapotaka kujua kama yu hai ni kazi ya kumchimbua asubuhi na jioni, na huko ndiko kumtisha hasa. Tukatumia boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, sentimita 45 kwa 30, mfuniko wa kubana kwa klipu pande nne. Akijinyoosha kabisa bado anabakiwa na nafasi zaidi ya urefu wake. Warwick asingetulaumu, na wale wa maboksi madogo pia wasingetulaumu, jambo ambalo nasikia ni nadra.

Matundu ya hewa tuliyatoboa kwa chuma cha kulehemea nyaya, ya milimita tatu, safu moja kila upande. Toboa kutoka ndani kwenda nje. Plastiki inapoyeyuka huacha ukingo mkali upande inakotokea ncha, na ukingo huo ukibaki ndani utamkwaruza pua, maana kuisukumasukuma pua kwenye matundu ndiyo burudani yao ya usiku. Na dirisha lifunguliwe; moshi wa plastiki si wa kuvuta.

Sasa turudi kwenye 46, kwa sababu humo ndimo kazi ilimokuwa.

Nyoka hajitengenezei joto. Chakula kilichomo tumboni, kinga ya mwili wake, wepesi wake, vyote vinasubiri joto kutoka nje. Porini hulipata kwa kuhama: anasogea kwenye mchanga uliopigwa na jua, akishiba joto anazama chini au anahamia kivulini. Basi sanduku lazima liwe na pande mbili, wa joto na wa baridi, ili aendelee kuhama. Njia ya kawaida kwa boksi dogo ni mkeka wa joto, karatasi nyembamba yenye nyaya za umeme ndani, inayowekwa chini ya upande mmoja wa boksi kwa nje. Mkeka unaunganishwa na themostati, na themostati ina kihisi kwenye ncha ya waya mrefu.

Mpwa wangu alifanya yote hayo sawasawa. Kihisi alikiweka juu ya maranda kwa sababu, alivyosema mwenyewe, “nataka kujua nyoka anasikia joto gani.” Swali zuri, ila nyoka huyu hakai juu. Na maranda makavu ni blanketi. Kila kipande kimebeba hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Themostati ilikuwa inatii tu. Iliambiwa ihakikishe kihisi kinafika 31, na kihisi kilikuwa juu ya blanketi la sentimita nane. Mkeka ukawaka, joto likakwama chini, huku juu kukiwa bado 26. Themostati ikasema haijafika, ongeza. Ikaongeza, ikaongeza. Juu kulipofika 31 chini kulikuwa kumeshakuwa kikaango.

Kwa mafundi wa friji hili ni la kila siku. Mteja anasema jokofu linagandisha mboga. Unakuta kihisi kimechomoka mahali pake kinaning'inia karibu na mlango. Hakuna kilichoharibika. Kipimo husema kweli ya mahali kilipo, si ya jirani.

Lakini kwa nyoka wa kuchimba kuna ubaya zaidi, na hili sikulijua mpaka nilipokaa kulifikiria. Porini jua liko juu. Mnyama akisikia joto limezidi, mwili wake una jibu moja la zamani sana: zama chini, chini ni baridi. Sisi tumeweka jua chini ya sakafu. Akizidiwa atafanya lile alilozaliwa nalo, atachimba, na kila sentimita atakayoshuka itampeleka karibu zaidi na moto. Madaktari wa wanyama hutibu nyoka walioungua matumbo kwa kulala juu ya vyanzo vya joto visivyodhibitiwa bila kuondoka.

Mtu atauliza, basi kwa nini msiweke taa juu, kama jua lenyewe? Ningependa hivyo, na atakapohamia sanduku la kioo tutafanya hivyo. Kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa plastiki, taa ya joto itayeyusha mfuniko kabla haijampasha mtu.

Tulivyorekebisha ni hivi. Kihisi cha themostati tukakitoa ndani kabisa, tukakibana nje, kati ya mkeka na sakafu ya boksi. Huko nyoka hawezi kukisogeza, hawezi kukikojolea. Kihisi kilicholowa au kilichosukumwa pembeni huona baridi ambayo haipo, na themostati huwasha mkeka bila kukoma. Kisha kipima joto cha pili tukakilaza ndani, kwenye sakafu tupu, tukalinganisha. Nje ikisoma 35, ndani ilikuwa 33. Tofauti ni nyuzi mbili, basi themostati ikawekwa 35. Maranda tukayapanga kwa mteremko: sentimita tatu upande wa joto, nane upande wa baridi. Sasa juu ya maranda kulisoma 29, chini 33, na upande wa pili 24. Akitaka joto zaidi ashuke, akitaka afueni ahame kwenda upande wenye kina. Mkeka hauko huko, kwa hiyo huko chini ni baridi kama walivyozoea mababu zake.

Kibunduki cha kupimia joto, kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona, kinasaidia lakini kinadanganya kwa namna yake. Kinasoma uso wa kitu tu. Ukikielekeza ndani ukiwa nje ya boksi, kitakupa joto la ukuta wa plastiki.

Na jambo moja ambalo karibu tulifanye: usitumie utepe wa gundi, ile selotepu, mahali popote ndani. Itaachia siku moja, nyoka atapita juu yake, na kumbandua ni kumchuna ngozi. Waya wa kipima joto tuliubana kwa gundi ya kuyeyusha.

Nililokuwa na wasiwasi nalo zaidi halimo kwenye maelekezo ya kuuzia mikeka. Themostati hizi za bei nafuu huwasha na kuzima kwa relei, na relei huchoka. Ikichoka vibaya hunata ikiwa imewashwa. Nikachomeka mkeka moja kwa moja ukutani, boksi likiwa na maranda yake bila nyoka, tukakaa tunywe chai. Baada ya saa tatu sakafu ilikuwa 58. Mpwa wangu akapendekeza tununue mkeka mdogo: ule wetu ni wati 14, na upo wa wati 7. Tukapiga hesabu. Wa wati 14 una sentimita 28 kwa 28. Wa wati 7 una 28 kwa 15. Wati kwa kila sentimita ya mraba ni karibu sawasawa. Mkeka mdogo ungepasha eneo dogo, na eneo hilo lingeungua vilevile.

Kwenye majokofu, hita ya kuyeyusha barafu haiachiwi mlinzi mmoja. Kuna wa kazi, na kuna wa pili ambaye kazi yake ni kukata umeme yule wa kwanza akilala. Tukafanya hivyo: themostati ya pili kwenye mstari huohuo, imewekwa 38, kihisi chake kando ya kile cha kwanza. Tukaijaribu kwa kuipandisha ya kwanza hadi 50 makusudi. Ya pili ilikata kwenye 38, joto likapanda kidogo hadi 39 na nukta, likashuka. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya nyoka.

Mengine yalikwenda haraka. Maranda ni ya mti wa aspeni, kwa sababu yanashika njia za kupita na hayana mafuta makali. Ya msonobari na mwerezi yananukia vizuri kwa mtu lakini harufu ile inamdhuru nyoka. Mchanga wenyewe tuliuacha kwanza, ingawa jina lake linaudai. Mkavu una vumbi, na mtoto akiumeza na chakula ni matatizo. Bakuli la maji dogo na zito, upande wa baridi. Kijiboksi chenye mosi (moss) ya bustani iliyolowa kiasi, kwa siku za kujivua gamba, maana hewa ikiwa kavu mno gamba hutoka vipandevipande na kubaki juu ya macho. Gome la mti la kujifichia kila upande. Kijana alitaka pia jiwe bapa, alilipenda sana, nami nikalikubali kwa sharti likae juu ya sakafu yenyewe, si juu ya maranda. Nyoka huchimba chini ya jiwe, maranda yanatitia, jiwe linamlalia.

Boksi lilikaa siku tano bila mtu, likipimwa asubuhi na usiku kwenye daftari la hesabu. Tulimwomba muuzaji atuvumilie kwa siku hizo za ziada, akakubali.

Alipofika tulimpima kwenye mizani ya jikoni: gramu 11. Mizani hiyo sasa ni ya nyoka. Dada yangu alinunua nyingine jioni ile ile. Tukamweka upande wa baridi, akazama kabla hatujafunga mfuniko, na kwa wiki nzima hatukumgusa. Siku ya nane alipewa kitoto cha panya kisicho na manyoya, kilichotolewa kwenye friza na kupashwa kwenye maji ya uvuguvugu. Tulikiona kikivutwa chini ya maranda na hatukuona kingine.

Daftari ndilo lililonifurahisha. Siku saba za kwanza, kila gome lilipoinuliwa asubuhi, alikuwa upande wa baridi au katikati. Baada ya kula alihamia juu ya mkeka, chini kabisa, kwenye ile sakafu ya 33, akakaa siku mbili bila kusogea. Siku ya tatu alikuwa amerudi baridini. Kama tungemwacha na ile sakafu ya kwanza, angeshuka vilevile akiwa na tumbo limejaa, kwa sababu tumbo lililojaa linamtuma kutafuta joto, na huko chini kulikuwa na nyuzi 46.

Bado kuna usiku. Nyumba za huku hita huzimwa watu wakilala, na chumba cha kijana kiko pembeni, kuta mbili zinatazama nje. Wiki ya kwanza upande wa baridi ulishuka hadi 17 alfajiri. Tulihamisha boksi kwenye ukuta wa ndani na kuzungushia karatasi za stairofomu pande tatu, wa nne tukiuacha wazi kwa hewa, na sasa haushuki chini ya 20. Hiyo ni Oktoba. Januari nitarudi na kipima joto chenye kumbukumbu, nikiache humo siku tatu, nione saa kumi na moja alfajiri kunakuwaje.